Siku Lwambo Ilipoolewa

Mume wangu Respicius ana ugonjwa mmoja ambao sidhani kama una dawa: hawezi kushindwa maneno. Ukimwambia leo kuna jua, atabishana na wewe mpaka ukubali kwamba kuna wingu dogo mahali fulani upande wa Kasokola. Ndiyo maana watu wa Lwambo walimchagua mwenyekiti wa kijiji. Waliona afadhali ule mdomo uwafanyie kazi kuliko kuwasumbua bure kilabuni.

Lwambo ni sisi, Wapimbwe, wakulima wa mpunga na mahindi, Wakatoliki tangu enzi za babu zetu. Ng'ambo ya kijito kuna Mwandutu, kijiji cha Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Wamekaa vya kutosha, hata watoto wao wanatukana kwa Kipimbwe safi kabisa. Tumeishi hivyo miaka yote. Ng'ombe wao wanakula mpunga wetu, sisi tunanunua maziwa yao, tunagombana, tunapatanishwa, tunasalimiana, ng'ombe wanarudi tena shambani.

Mwaka huo mimi nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni harusi ya binti yangu Lucia. Wanangu wakubwa wote wako Dar es Salaam. Wanapiga simu Jumapili, wanasema mtandao unasumbua, wanakata. Aliyebaki nami ni Lucia, fundi cherehani, mwenye ulimi wa baba yake na hasira zangu. Alishawakataa mwalimu, mwenye duka la pembejeo, na bwana mmoja wa Ilembo mwenye gari. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa. Halafu akamkubali Ngusa, mtoto wa mzee Machibya, mwenyekiti wa Mwandutu.

Watu waliniuliza kama naridhika na kabila, kama naridhika na dini. Mimi nilimwuliza kijana swali moja: utajenga wapi?

"Pale pale kwa mzee, mama. Ng'ambo tu."

Kutoka uani kwangu mpaka pale, nikiita kwa sauti Lucia anasikia. Nikamwambia Respicius, huyu ndiye, na kwenye mahari usijifanye mwanasheria. Ngusa akaanza mafundisho ya ubatizo kwa katekista wetu, Telesphor, na harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Hapo ndipo alipokuja Enoka, mtendaji wa kata, na habari yake. Lwambo na Mwandutu viwe kijiji kimoja. Tukikubaliana kabla ya mvua, zahanati itajengwa kwetu. Tukishindwa, inakwenda kwingine, na sisi tuendelee kubeba wagonjwa kwenye bodaboda.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule. Kwamba tuungane, hakuna aliyepinga, maana zahanati kila mtu anaitaka. Tatizo lilikuwa jina. Sisi tulisema kiitwe Lwambo kwa sababu tulitangulia. Wao wakasema kiitwe Mwandutu kwa sababu wako wengi. Saa zikapita. Ndipo akaomba kusema Hana, dada wa Kiholanzi aliyekuwa anapima maji ya kisima, ambaye Kiswahili alijifunzia Mpanda mjini na hakuna neno alilokuwa analiogopa.

"Kwetu Uholanzi sisi pia tuliunganisha vijiji," alisema. "Vinne. Tuligombana jina mpaka watu wakaacha kusalimiana kanisani. Mwisho tukachukua jina la kijito kilichopita katikati. Hakuna aliyefurahi, basi wote wakawa sawa."

Watu wakatazamana. Kijito chetu kinaitwa Malale, jina la mlevi wa zamani aliyeanguka humo usiku akaamka asubuhi anamlaumu mkewe kwamba kitanda kimelowa.

"Mimi," alisema Respicius, "siwezi kuwa mwenyekiti wa kitu kinachoitwa Malale."

Akasimama mzee Machibya. Ni mtu mrefu, mpole, anayeongea taratibu, na anachokisema anakimaanisha. Hilo la mwisho mume wangu hakulizingatia.

"Mimi haya mambo ya kuunganisha siyajui," alisema. "Kwa Wasukuma, miji miwili haiunganishwi na mtendaji. Inaunganishwa na ng'ombe. Mmoja anaoa, mmoja anaolewa. Ng'ombe wanavuka, watu wanakula, basi, mmekuwa mji mmoja, na hakuna wa kuwatenganisha. Vijiji vyetu vioane."

Watu walicheka, lakini wazee wa pande zote mbili waliitikia kwa vichwa kama waliosikia jambo la maana. Akauliza mmoja: nani anaoa?

"Sisi tutaoa," alisema Machibya. "Nyie mtaolewa."

Respicius aliruka juu. "Lwambo haiolewi na mtu!" Watu wetu wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka, na mkutano ukavunjika.

Alirudi nyumbani amevimba. Nilikuwa napepeta mchele, nikamwacha aseme. Alisema tumedharauliwa, alisema babu zetu, alisema historia. Halafu akasema "ati ng'ombe wavuke," akanyamaza. Mimi nimeishi na mtu huyu, nakijua kile kimya chake. Kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba, ukitazama vizuri, Lwambo tangu zamani ni mwanamke. Tazama bonde. Tazama mpunga. Nani anazaa hapa?

Basi mkutano wa pili tulikwenda tayari kuolewa. Kumbe na wenzetu walikuwa wamelala wakiwaza. Akasimama mzee wa Mwandutu akasema wamefikiri upya: kwa nini wao watoe ng'ombe? Mwandutu ndiyo inayotoa maziwa, na mtoa maziwa ni mama. Kwa hiyo wao ndio waolewe.

Vijiji viwili ambavyo juma lililopita hakuna aliyetaka kuwa bibi harusi, sasa vinagombania shela. Wanaume watu wazima, wenye ndevu, wanapiga vifua vyao kuthibitisha kwamba wao ni wanawake. Enoka alishika kichwa. Telesphor aliulizwa Kanisa linasemaje, akajibu kwamba katekisimu yake haikufika huko.

"Sawa," alisema Respicius, na nilipoisikia ile sawa nilijua Mwandutu wamekwisha. "Sisi tutaoa. Mahari tutaleta mpunga. Mtafunga magunia zizini, mtayachunga, na wageni wakiuliza Lwambo iliwatolea nini, mtawaonyesha wadudu wa mpunga."

Wazee wa Mwandutu waliguna. Msukuma kuambiwa mahari yake imeliwa na wadudu, hilo haliwezekani.

"Tutaoa," alisema Machibya.

Ikakubaliwa kwamba vibao vya ofisi za vijiji ndivyo vitakavyofungishwa ndoa, na mahari ikajadiliwa kwangu. Washenga walikuja wakabisha hodi vizuri, wakasema wameona binti mzuri upande huu, anaitwa Lwambo, na kijana wao Mwandutu hapati usingizi. Tukakaa kama desturi inavyotaka. Machibya na mkewe mkeka wa huku, kama wazazi wa bwana harusi. Mkeka wa pili Respicius, baba wa bibi harusi. Akanigeukia.

"Na mama wa binti ni mke wangu, Emerensiana."

Nilikaa. Nilijifunika kitenge kichwani nikainamisha uso kama mama mwenye uchungu wa kumtoa mwanawe, na mwanangu mwenyewe ni kibao cha ofisi ya kijiji. Nitaficha nini, nilifurahi. Niliona ni mazoezi ya harusi ya Lucia.

Lakini Respicius alipewa kiti akataka kitanda. Alitaja ng'ombe wa baba, ng'ombe wa mama, ng'ombe wa wajomba, na blanketi la bibi. Washenga wakauliza bibi gani, kijiji kina bibi? Akamtuma mtu akamlete mwanamke mzee kuliko wote Lwambo, akakalishwa pale haelewi kitu, akaondoka na blanketi. Kila alipoongeza, Machibya alikubali. Hakucheka hata mara moja.

Siku ya kuvuka, kibao cha ofisi ya Lwambo kiling'olewa, kikafunikwa kitambaa cheupe cha kwaya, kikapandishwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wanawake tulipiga vigelegele. Katikati ya kijito mkokoteni ulikwama, bibi harusi akaanza kulala upande, vijana wakaruka majini wakamshika kiuno.

"Hii iko kwenye sheria?" aliuliza Hana, simu mkononi.

"Usipige hiyo picha," alisema Enoka.

Kibao kilifika salama, kikapigiliwa misumari kwenye nguzo moja na mwenzake, shela na yote. Kijiji kikaitwa Mwandutu Lwambo, jina la mume na jina la mke, kesi imekwisha. Ng'ombe wa mahari walichinjwa siku hiyo hiyo kwenye uwanja, wakaliwa na pande zote, kwato tu ndizo zilizobaki. Enoka aliandika kwamba wananchi wamekubaliana kwa amani. Respicius alikula maini akisifiwa, akasema yeye mambo haya huwa anayaona mapema.

Siku chache baadaye mzee Machibya alikuja nyumbani, kofia mkononi, akakataa kiti.

"Mayu," aliniambia, maana Wasukuma mwanamke wa kuheshimiwa humwita mama namna hiyo, "tumeharibu."

"Tumeharibu nini, mzee wangu?"

"Watoto. Mwandutu ni mume, Lwambo ni mke. Ngusa ni mtoto wa Mwandutu. Lucia ni mtoto wa Lwambo. Watoto wa mume na mke mmoja." Aliigeuza kofia mkononi. "Mtu haoi dada yake."

Respicius alicheka kwa sauti kubwa. Akacheka kidogo. Akaacha, kwa sababu alikuwa anacheka peke yake.

"Wazee wangu wamekaa juu ya jambo hili," aliendelea Machibya. "Hakuna atakayekuja kwenye harusi hiyo. Wanaogopea watoto watakaozaliwa."

"Lakini mwenyekiti mwenzangu," alisema mume wangu, "ile ndoa ya vibao si tulikuwa tunataniana tu?"

Machibya alimtazama. "Ulikuwa unataniana na ng'ombe wangu?"

Ndio ujue mdomo ulivyomponza mtu. Akisema ulikuwa mchezo, arudishe ng'ombe, na ng'ombe wako tumboni mwetu. Akisema ilikuwa kweli, amemuozesha bintiye kwa kaka yake.

Alijaribu. Alisema watoto walizaliwa kabla ya ndoa, kwa hiyo si ndugu. Machibya alijibu kwamba watoto ambao mama amekuja nao ni wa mji ule ule. Alisema basi wapeane talaka. Akaitwa Telesphor, akasema kwa Wakatoliki talaka hakuna.

"Hata kwa kibao?" aliuliza Respicius.

"Mambo ya vibao siyajui. Najua nilitoa kitambaa cha kwaya."

Na hata bila Telesphor, wakiachana zahanati inaondoka.

Lucia alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaiona sura ya baba yake.

"Baba, umeniozesha kaka?"

"Mwanangu, jambo hili lina pande nyingi..."

"Naenda Dar," alisema Lucia. "Naenda kwa kaka Nashon. Siwezi kukaa hapa Ngusa aniite dada kila asubuhi akipita na ng'ombe."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Aliingia ndani akaanza kukunja nguo. Ngusa alikuwa amesimama nje kwenye ua, kijana mkubwa vile, mabega kama mlango, analia bila kujificha. Nilimwona Lucia tayari yuko kwenye simu ya Jumapili, anasema mtandao unasumbua. Nilimwona mjukuu wangu ananisalimia "shikamoo bibi" kwa sababu ameambiwa aseme, huku anaangalia katuni. Nimezaa, nimelea, halafu nyumba ibaki mimi na mtu wa pande nyingi.

Siku iliyofuata sikupika. Respicius alikuja mchana akaangalia chungu, akaniangalia mimi.

"Mama Lucia, hakuna chakula?"

"Kale maneno! Si ndiyo yaliyokupa nyama? Kayale na leo!" Nikafungua mdomo, na ukifunguka haufungiki upesi. Nilimwambia yote, tangu ubishi wa siku ya harusi yetu. "Blanketi la bibi! Ng'ombe wa wajomba! Unanikalisha mkekani mbele za watu nimejifunika kitenge, mwanamke mzima, eti mimi ni mama yake Lwambo! Mama wa kibao! Tangu lini mimi nimemzaa..."

Masikio yangu yakasikia nilichosema.

Nikachukua kitenge kile kile nikajifunga, nikatoka. Respicius akaniita, sikugeuka. Nilivuka kijito na viatu vyangu miguuni. Kwa Machibya nilikuta wazee wamekaa, nadhani ni kwa ajili ya jambo lile lile, maana walinyamaza waliponiona. Nikasalimia. Wakaniitikia vizuri.

"Mzee Machibya," nilisema, "siku ile ya mahari, mama wa bibi harusi alikuwa nani?"

"Ulikuwa wewe, mayu."

"Na baba wa bwana harusi?"

"Mimi."

"Wazee hawa walikuwepo?"

Walikuwepo wote.

"Basi Lwambo ni binti yangu. Mmenikalisha nyie wenyewe, na ng'ombe wa mama mmenipa. Na Mwandutu ni mwanao. Sasa Lucia ni binti wa nani? Ni wangu. Lucia anakuwaje mtoto wa Lwambo? Lucia ni mdogo wake Lwambo! Na Ngusa ni mdogo wake Mwandutu, kwa sababu baba yao ni wewe hapo uliyekaa." Nikawageukia wazee wote. "Mwanao mkubwa amemwoa binti yangu mkubwa. Mdogo naye anamtaka mdogo. Niambieni kama kwenu hilo ni mwiko, nikamsaidie mwanangu kukunja nguo."

Machibya aliinua vidole vyake akaanza kuhesabu, huyu wa huyu, huyu wa huyu, akarudia tena tangu mwanzo. Mzee mmoja pembeni akaanza kucheka polepole kifuani.

"Babu yangu na mdogo wake," alisema Machibya, "walioa mtu na mdogo wake. Nyumba moja. Ng'ombe zao zililala zizi moja mpaka wanakufa." Akainuka. Uso wake ulifunguka, na mimi ndipo nilipojua kwamba mtu huyu alikuwa anaumia kama mimi. "Mayu, si mwiko."

Niliketi chini pale pale.

"Ila kuna jambo," alisema, akashusha sauti. "Ile mahari ya kwanza, mwenyekiti alinibana sana. Zizi langu unaliona mwenyewe."

Wakati huo Respicius alikuwa amefika nyuma yangu, anahema. Alisikia neno mahari, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Mdogo ataolewa kwa mahari ya dada yake," nilisema mimi. "Hatudai kitu."

"Mama Lucia," alisema mume wangu, "ngoja kwanza, jambo hili lina..."

"Baba Lucia."

Akafunga mdomo. Wazee wa Mwandutu walishuhudia wote, na habari hiyo ilifika Lwambo kabla yetu.

Ngusa alibatizwa, mpunga ukavunwa, harusi ikafungwa. Kwetu, binti akitoka kanisani anasindikizwa mpaka mwisho wa kijiji chake. Hapo mama yake analia, wanawake wanamshika, wanamrudisha nyumbani anaburuta kanga. Kila mama anaingojea siku hiyo. Mimi niliwalilia mabinti wa watu miaka na miaka, nikijua zamu yangu itafika. Tangu alfajiri nilikuwa nimeyashika machozi yangu kwa nguvu, yasije yakaisha kanisani.

Tulipofika kijitoni nilitupa kanga begani nikafungua mdomo.

"Emerensiana, unalia nini?" aliuliza mwanamke mmoja. "Kwani anakwenda wapi? Hiki si kijiji kimoja?"

Wenzake wakaanza kubishana. Mmoja alisema mwisho wa kijiji sasa uko kule juu, baada ya malisho, nikalilie huko. Mwingine akasema huko Lucia hafiki, kwake ni hapa chini, kwa hiyo hakuna kilio. Akaulizwa Enoka, aliyekuja kula pilau, akasema kiofisi binti hajahama.

Nilimgeukia Respicius. Maisha yangu yote sikuwahi kumwomba mtu huyu aniongelee. "Waambie," nilisema.

Alijiweka sawa, akakohoa kama anavyokohoa mkutanoni. "Wananchi," alisema, "suala hili tukilitazama..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, haikuja. Akavua kofia akajifunika nayo uso, mabega yanatikisika.

Lucia alikuwa ameshavua viatu, amekunja gauni, anavuka maji akimshika Ngusa mkono. Alipofika ng'ambo aligeuka. Nilimwona vizuri kabisa, mpaka shanga za shingoni.

"Mama, rudini nyumbani, jua kali! Nitakuja kesho!"

Sikuhitaji hata kumwita, alikuwa anasikika vizuri mno. Nikawaambia wanawake wanipishe, nikakaa kwenye majani ukingoni karibu na mume wangu, nikalia yote niliyokuwa nimeyaweka, kwa sauti, na aliyetaka kubisha abishe.